Njia ya Dawa za Ilunga

Nilitoka Likasi kwenda Lubumbashi kwa sababu mdogo wangu Ilunga alikuwa anakwisha nikimtazama, na hakuna aliyeweza kuniambia dawa zake ziko wapi. Alichimba madini Shinkolobwe miaka mingi, mpaka kikohozi kikamrudisha nyumbani kwangu. Dawa za kawaida za kifua kikuu alizimeza zote, hazikumsaidia kitu. Muuguzi wa kituo chetu cha afya akachukua makohozi akayatuma Lubumbashi, maana mashine ya kupima kifua kikuu sugu iko kule. Wiki tano zikapita. Kila nikienda kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Mama, bado. Tungojee Lubumbashi."

Saa kumi na mbili asubuhi nilipanda gari. Ilunga nilimwacha kwa jirani yangu mmoja ninayemwamini, na uji kwenye themosi. Barabara ilijaa malori ya madini, vumbi jekundu likaingia mpaka ndani ya kitambaa changu cha kichwa. Nilikuwa nawaza siku ile tulipoenda kituoni kumwandikisha.

Siku ile Ilunga alikaa nje, ameegemea ukuta, hana pumzi ya kusimama mbele ya meza. Mimi ndiye niliyejibu maswali. "Mnaishi wapi?" wakaniuliza. Sasa, mimi nauza mikate ya mafuta sokoni, ndiyo inayotulisha. Mgonjwa wa kifua kikuu akiandikwa, relais, yule mtu wa afya anayezunguka mtaani, atakuja kupiga hodi mlangoni kwake, na kabla jua halijazama mtaa mzima umeshajua, na nani tena atanunua mkate wangu? Kwetu watu wengi wanataja nyumba ya mtaa mwingine ili asije. Nikataja nyumba ya shangazi, Buluo, nje kidogo ya Likasi. Shangazi mwenyewe alishahamia Kolwezi. Nilijiona mjanja kweli.

Saa nne nilifika kwenye ofisi ya Lubumbashi inayosimamia ugonjwa huu kwa jimbo zima. Nilimkuta mama mmoja wa makamo, miwani puani, daftari kubwa mbele yake. Nilimweleza shida yangu, naye akanisikiliza mpaka mwisho.

"Jimbo letu ni kubwa, Mama," alisema. "Hizi dawa haziko mingi, hatuwezi kuziweka ku kila kituo. Zinatoka hapa na jina ya mugonjwa, zinaenda ku kituo ya karibu na nyumba yake. Muuguzi anapaswa kumuona anameza, kila siku."

Akapitisha kidole chini ya majina, pole pole. Kikasimama.

"Ilunga. Zilisha kutoka hapa, pamoja na jibu ya mashine. Iko wiki tatu sasa."

"Zilienda Likasi?"

"Hapana. Zilienda Buluo. Buluo njo kwenye muliandikisha nyumba yenu."

Buluo, pale pale! Nikitoka mlangoni kwangu na pikipiki, hata sijachoka nimefika.

Yule mama akaniandikia barua ya kuhamisha dawa, akapiga muhuri. Akiwa ananipa aliuliza, "Sababu ya nini muliandika Buluo?" Nikasema sijui. Uongo wa pili huo.

Saa kumi jioni nilishuka Buluo. Muuguzi wa kituo alikuwa baba mwembamba, mpole, anafunga madirisha. Alisoma barua, akaketi.

"Huyu muntu tulimutafuta sana, Mama. Relais alizunguka nyumba zote. Tuliuliza mpaka ku mulango ya prison ya hapa Buluo, tukasema pengine huyu ni mufungwa."

Akafungua kabati akatoa katoni lenye jina la Ilunga kwa wino mwekundu. Halikuwa limefunguliwa hata kidogo. Kunipa tu niondoke hakukubali, sheria haimruhusu. Akawasha pikipiki yake mwenyewe, mimi nikakaa nyuma na katoni mapajani. Nilimwonea haya mtu yule njia nzima.

Tulipofika nyumbani majirani walitoka kutazama pikipiki, barakoa ya muuguzi na katoni. Watazame, nikasema moyoni. Ilunga alimeza dawa ya kwanza nimemshika kichwa, moja moja, na jasho likimtoka. Kesho yake nilienda sokoni nikijua nitarudi na beseni limejaa. Mikate iliisha kabla ya saa tatu, na wanunuzi waliniuliza hali ya mgonjwa.

Alimeza siku tisa. Mapafu yalikuwa yamekwisha. Muuguzi wa kituo chetu aliniambia, "Kama angeanza mbele, zile wiki tatu…" kisha akapanga vikopo vyake upya. Dawa zilizobaki zilirudishwa Lubumbashi, atapewa mgonjwa mwingine, huko Kambove au Kasenga, anayengoja kama tulivyongoja sisi. Hivyo nimejua sasa jinsi jimbo linavyogawa dawa zake: zinamfuata mtu mpaka pale alipotaja, na ukitaja pasipo wewe, zitakungoja huko huko.

Asubuhi ya mwisho Ilunga alikuwa na akili timamu. Alinishika kidole, mimi yaya wake, dada mkubwa.

"Yaya, aksanti sana. Bila weye, dawa zingebaki kule."

"Ee, mudogo wangu," nikamjibu. "Pumzika."

Ni nani aliyezipeleka kule, sikumwambia.