Mpira Uliokuwa Ukilala Njiani

Kichochoro chetu hapa Nguba, Bukavu, kinashuka moja kwa moja kuelekea ziwani, na hakina mahali hata padogo pa kuweka ndoo bila kuinama upande mmoja. Siku hizi watoto wa majirani hukitelezea juu ya vipande vya madumu wakati wa mvua. Nikiwa kwenye cherehani yangu, dirisha wazi, huwasikia wakicheka, na moyo wangu unarudi kwenye likizo ile ya Pasaka ambapo kichochoro kilikuwa chetu wawili tu, mimi na binti wa mdogo wangu. Sasa yuko Kisangani, anasoma, amekuwa mwanamke anayenitumia ujumbe wa sauti akiwa na haraka. Nimemkumbuka. Sina namna nyingine ya kulisema.

Alikuja kwangu kutoka Walungu ili aanze sekondari kwa masista. Mama yake, mdogo wangu wa tumbo moja, alibaki huko na mashamba yake ya maharagwe. Mtoto alikuwa na mikono mirefu isiyolingana na mwili wake, na Kiswahili kilichojaa Mashi, lugha ya kwao, kwa hiyo wenzake darasani walipata la kucheka kila alipofungua mdomo. Mahali pekee ambapo hawakumcheka ni uwanjani. Kocha alipoona ile mikono alimtia kwenye timu ya mpira wa mikono siku hiyo hiyo, na tangu hapo mtoto akaanza kurudi nyumbani akiimba.

Shida ilikuwa moja. Mpira wake haukuwa na nguvu. Kocha, mzee wa mazoezi ya viungo aliyefundisha hata baadhi ya akina mama wa wanafunzi wake, alimwambia mbele ya wote, "Mukono iko murefu, lakini mupira yako inalala mu njia. Gardienne anaweza kunywa chai mbele ifike." Gardienne ndiye kipa. Akaongeza kwamba shule ikifunguliwa baada ya Pasaka atampima tena, na kama mpira bado unalala, maillot, yaani jezi yake, itakwenda kwa msichana mwingine.

Jioni hiyo alisukuma sahani ya bugali na sambaza, samaki wadogo wa ziwani, bila kuigusa. Mtoto wa Walungu akikataa bugali, ujue mambo yameharibika. Nilimuuliza, akanieleza huku akitazama sakafu. Kisha akasema, "Mama mukubwa, wakinitosha mu équipe, mi siwezi tena kuenda ile masomo."

Nilimwambia aache upuuzi, kutolewa kwenye timu hakuhusiani na shule. Lakini usiku nilijigeuza kitandani, maana nilijua hakuwa akisema upuuzi.

Mimi mwenyewe nilicheza mpira huo zamani, nikiwa msichana. Tatizo ni kwamba nilikuwa kipa. Kujifanya mwalimu wa kurusha kwa sababu umewahi kudaka ni sawa na kujiita mpishi kwa sababu unakula vizuri. Hilo halikunizuia. Asubuhi iliyofuata nilitoa amri kama koplo. Kwanza kutwanga sombe, majani ya muhogo, ili mabega yakomae. Tulitwanga sombe mpaka majirani wa juu na wa chini wakawa wanakula kwetu. Halafu kurusha, pale kichochoroni.

Mtu yeyote aliyekulia Bukavu angefanya tulivyofanya. Ukirusha mpira kuelekea chini, unaingia mtaroni, na kutoka mtaroni unakwenda kuoga ziwani. Ukirusha kuelekea juu, unagonga ukuta wa jirani na kujirudia wenyewe miguuni pako. Kwa hiyo mtoto alirusha kuelekea juu, siku baada ya siku, mpira ukirudi kama mbuzi anayejua kwao. Nilikaa kizingitini na ushonaji wangu nikijiona nimekuwa mtaalamu.

Jumapili, tulipotoka misani, nikasema tupite shuleni tujaribu kwenye goli lenyewe. Uwanja ulikuwa mtupu. Akarusha. Mpira ukapita juu ya mwamba wa goli, taratibu, kama ndege asiye na safari. Akarusha tena, ikawa vile vile. Nilimwambia arudie huku nikimtazama miguu badala ya mikono, kwa kuwa kipa hutazama miguu, hiyo nilikuwa bado naikumbuka. Ndipo nikaona. Mguu wake wa mbele ulikuwa unatafuta ardhi mapema, mahali ambapo kwetu ingekuwepo, na mwili ulibaki nyuma umeegemea hewa. Tulikuwa tumemfundisha kurushia mlima. Masista, kwa bahati mbaya, wamejenga uwanja uliosawazishwa.

Nilicheka peke yangu njia nzima. Yeye hakucheka, siku zilikuwa zinaisha.

Kesho yake tuligeuza mambo. Yeye juu, mimi chini, mgongo wangu ukielekea ziwa, ili mpira usipite. Mteremko ulimvuta mbele alipotaka na asipotaka, uzito wote ukaingia kwenye mkono, na mpira wa kwanza ulioelekea chini ulinifikia kabla sijajiandaa. Viganja viliwaka moto. Nilifurahi kupita kiasi. Niliviringisha vipande vya kitenge mikononi nikamwambia aendelee, na kila asubuhi mpira uliongeza kitu. Hatukuwa na mashine ya kupima mwendo, mashine ilikuwa mimi. Nilijua umeongezeka kwa jinsi maumivu yalivyopanda kutoka kiganjani hadi kifundo cha mkono, na baadaye hadi kiwiko.

Halafu yakasimama. Yalifika kiwiko, yakakaa hapo, kisha yakaanza kushuka. Mpira ulikuwa unakuja mzuri, umenyooka, lakini umepoa. Nilimkemea kwamba amechoka mapema, kwamba anaota mchana, kwamba nguvu za Walungu zimekwisha tumboni. Alirusha tena, na mpira ukaja umepoa vile vile. Niliogopa. Nilianza kufikiri labda kocha alikuwa amesema kweli, labda mkono ni mrefu tu na hakuna zaidi, na sikujua ningemwambia nini mtoto yule shule itakapofunguliwa.

Alasiri moja nilitoka kupeleka gauni kwa mteja wangu, mama ambaye binti yake alikuwa anapokea komunyo ya kwanza, na wakati wa kurudi nikapita njia ya juu. Kabla sijakata kona nilisikia kishindo, bati likilia, kisha kimya, kisha kishindo kingine. Nilidhani watu wanavunja mlango. Nilipochungulia, ni mtoto wangu, anarushia lango la mabati la jirani aliyesafiri. Alipiga hatua, mguu ukatua, mkono ukapita, na sikuuona mpira. Nasema kweli, sikuuona, nilisikia bati tu.

Hasira ilinipanda. Mimi nimesimama matopeni na mvua ya Aprili kila asubuhi, kumbe ananidanganya. Nilimwita kwa sauti ambayo mbwa wa mtaa waliielewa. Akaja, mikono nyuma.

"Juu ya nini mi unanitupia ile mupira ya batoto, na hii ingine unapigia mabati?"

Alitazama viganja vyangu. Halafu akasema, "Juzi uliniita nikuingizie uzi mu sindano. Vidole yako ilikuwa inatetemeka. Mi niliona."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemwita, nikasingizia macho.

"Vidole njo kazi yako, mama mukubwa. Na tena, mi siwezi kukupiga. Uko muzazi wangu."

Hapo hasira ilinitoka yote, nikabaki nimesimama kama mtu aliyesahau alichotumwa. Kwetu mtoto haoneshi mkono wake kwa mzazi, hata kwa mchezo, na huyu alikuwa amelelewa vizuri. Nilimweleza kwamba pale chini mimi si mama mkubwa, ni kipa, na kipa kazi yake ni kupigwa. Alitikisa kichwa. Nilimwambia ninampa ruhusa mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu. Alitikisa kichwa tena. Mwishowe akasema angekubali kama mama yake angemwambia.

Kwa hiyo tulipiga simu Walungu. Mdogo wangu alikuwa sokoni, kelele tupu nyuma yake. Nilimweleza jambo zima, mara mbili, maana mara ya kwanza alidhani mtoto ananipiga kweli na akaanza kulia. Alipoelewa, alicheka mpaka nikatenga simu na sikio. Akasema nimpe mtoto. Nilisikia sauti yake ikitoka wazi kabisa: "Umupige tu. Ye alikuwaka ananipiga sana wakati tulikuwa batoto."

Sikuona haja ya mdogo wangu kuongeza hilo, lakini lilifanya kazi. Mtoto alicheka kwa mara ya kwanza tangu likizo ianze.

Asubuhi nilishuka mahali pangu. Nilikuwa nimejifunga pamba na kitenge mpaka mikono ikafanana na mikate. Yeye juu akaupangusa mpira kwa sketi yake, akautazama, akanitazama. Nikamwambia, "Mimi niko gardienne. Piga."

Alipiga. Mpira ulipita katikati ya mikono yangu kana kwamba haipo, ukanigonga kifuani, nami nikakaa chini matopeni, kitako. Aliteremka mbio akilia, "Pardon, mama, pardon." Sikuweza kujibu kwa kuwa pumzi ilikuwa imeondoka kidogo, na ilipokuja nikaitumia kucheka. Nilimwambia, "Rudi kule juu." Akarudi. Tukaendelea hadi mvua. Magauni ya watu yalichelewa, mama mmoja alinisema vibaya mbele ya wateja wengine, na nilimwacha amalize. Mchana nililoweka mikono kwenye maji ya chumvi, na mtoto akashona vishikizo mahali pangu, vibaya kweli, lakini vilishika. Sidhani nimewahi kuwa na siku nzuri kuliko zile.

Shule ikafunguliwa. Alasiri ya kupimwa nilikwenda, nikasimama nje ya uzio pamoja na wauza maandazi, nikijifanya nina shughuli. Kocha alikuwa na mtindo wake, anayepimwa humrushia yeye kocha. Alivaa sweta lake zito akaingia golini, mzee wa watu. Huyo alikuwa mzazi zaidi yangu. Na sikuwa na mtu wa kumpigia simu kuhusu huyo.

Mtoto alichukua mpira kwenye mstari wa mita saba. Hakurusha. Aliuweka mpira kwapani, akatembea hadi golini, wenzake wakaanza kuchekelea wakidhani ameogopa. Akapiga goti kidogo, kama wanavyosalimia wakubwa kwetu, nikasikia akisema, "Papa, unaniruhusu?"

"Nikuruhusu nini?"

"Kupiga."

Kocha alimtazama kidogo. Hakucheka. Akasema, "Piga, mama."

Alirudi kwenye mstari. Hatua, mguu ukatua pale pale ulipotakiwa kutua, mkono ukapita. Wavu ulitingishika nyuma ya mzee na mikono yake ilikuwa bado chini. Mtoto alikwenda kuomba radhi, akakatazwa kwa kiganja kabla hajafika. Kocha alivua sweta taratibu, akamwambia msichana aliyeshika mfuko wa maillot, "Umupatie ya kwake. Na gardienne avae gants mu mikono."

Wasichana walimrukia. Walimvuta shingo, walimpiga mgongoni, mmoja alijaribu kuiga namna anavyosema "mama mukubwa" kwa lafudhi yake, na yeye alicheka pamoja nao. Nililia palepale kwenye uzio, muuza maandazi akaniuliza kama nimefiwa. Nilifuta uso, nikangoja labda ageuke kunitafuta. Alikuwa akivalishwa, mikono yake mirefu juu, kichwa ndani ya kitambaa. Kilipotoka, walikimbia wote kwenda katikati ya uwanja, naye akiwa mbele. Nilikaa pale mpaka nikahakikisha hatageuka, kisha nikashika njia ya nyumbani.