Somo la Kiingereza Mlangoni pa Ghala

Juzi nilikuwa Kitale, kwenye ghala la mahindi, nyuma ya mama mmoja kutoka Saboti. Magunia yake yalikuwa nje, juu ya mkokoteni, bila turubai. Karani mwenye ufunguo alikuwa ameketi dirishani, simu mkononi, akimfundisha mwenzake Kiingereza. Wote wawili wanangoja intavyu ya kupandishwa cheo.

"Look into ni kuchunguza," alisoma. "Look after ni kutunza. Haya, tunga sentensi."

"Mwanangu, mvua ndiyo hiyo inakuja," mama akasema. "Si unifungulie niingize mahindi?"

Karani akainua kidole bila kuinua macho. "Ngoja kidogo, mama. Si unaona tunasoma?"

Mwenzake akakohoa, akatamka kwa madaha: "We look after farmers."

Karani akampigia makofi. Makofi hayajaisha, mvua ikamwagika. Mama akakimbia, akavua leso akafunika gunia moja, mengine yakanywa maji.

Somo lilipoisha, karani akatabasamu. "Yes, mama. How can I help you out?"

"Ati?"

"Nikusaidie vipi?"

"Hiyo ulikuwa unaijua hata kabla ya mvua, bana."

Karani akatoka na kipima unyevu, akakichomeka kwenye gunia, akatikisa kichwa. "Mama, hii mahindi iko na maji. Rudi nayo ukaanike."

Mimi namwombea huyo karani apite intavyu, tena upesi. Akipanda cheo, ataacha ufunguo.