Mtupo Nilioharibu

Mwaka niliokabidhiwa timu ya wasichana ya mpira wa kikapu, katika sekondari moja ya Mbinga, sikuwa nimewahi kuucheza mchezo huo hata siku moja. Nilikuwa mwalimu wa fizikia. Basi nikajifunza kwa njia niliyoijua: nilipakua kwenye simu video ya mchezaji mmoja wa kulipwa wa ng'ambo, nikaipunguza kasi, nikaanza kumchunguza. Magoti anayakunja kiasi gani. Kiwiko kiko wapi mpira unapopita usoni. Kifundo cha mkono kinalegea wakati gani. Niliitazama saa ya chai, nikaitazama kwenye foleni ya benki. Hata kanisani mkono wangu ulikuwa ukirusha mpira usiokuwapo, mpaka mke wangu akaushika.

"Tulia," akaninong'oneza.

Sikuweza.

Nahodha wangu alikuwa msichana wa kidato cha tatu, mtoto wa wakulima wa kahawa wa Litumbandyosi. Alirusha kwa mikono miwili kutoka kifuani, kama anayesukuma mlango mzito, na mpira uliingia. Mimi niliona makosa tu. Wiki tano nilimrekebisha: mkono mmoja, kiwiko ndani, vidole vimalizie chini. Alitii. Mipira ikaanza kugonga pete na kurudi.

"Itakuja," nilimwambia. "Mwili unazoea."

Tukateremka ziwani kucheza na shule moja ya Lundo. Hadi mapumziko alikuwa hajafunga hata kikapu kimoja. Akanijia, jasho likimtiririka.

"Mwalimu, naomba nirushe kama zamani."

"Endelea hivyo hivyo."

Alinitazama kidogo, akarudi uwanjani. Tulifungwa. Wakati wa kurudi wenzake waliimba. Yeye aliegemeza paji la uso kwenye kioo cha gari hadi Mbinga.

Asubuhi yake niliifungua tena ile video, nitafute alipokosea nahodha wangu. Nikaona nisichotaka kukiona: kiwiko cha yule mchezaji kilikuwa nje. Si sana, lakini nje, kila mara, na miguu yake haikuelekea kikapuni. Nilichomfundisha binti wa watu kilikuwa mchoro wa kichwani mwangu.

Nilimkuta bombani akifua. Nikamwambia nimekosea, arushe anavyojua.

"Ule mtupo nimeshausahau, mwalimu," alisema bila hasira. "Nikishika mpira sasa naanza kufikiri."

Mwezi mzima tulikuwa uwanjani kila alasiri, yeye akirusha, mimi nikiokota mipira na kufunga mdomo, kazi iliyonishinda karibu kila siku. Mtupo wa zamani haukurudi. Ulikuja mwingine, wa mikono miwili lakini kutoka juu ya paji la uso, mbaya kuutazama. Kwenye mechi ya marudiano alifunga vikapu sita. Kila mpira ulipomtoka mikononi nilijikuta nimeingia uwanjani, na mwamuzi alinionya mara mbili nirudi kwenye benchi.