Siku Niliyofyeka Matete ya Kijito

Mtanicheka, najua, lakini bora mnicheke mkiwa mmesikia kwangu mwenyewe, maana mtaani kwetu hapa Bariadi kila mtu ana namna yake ya kuisimulia.

Mimi ni katibu wa kamati ya mazingira ya mtaa (cheo nilikiomba mwenyewe). Tukaambiwa bwana maji anakuja kutufundisha, na darasa litafanyika kwangu kwa kuwa kiwanja changu kinashuka mpaka kijitoni, karibu na kisima tunachochota wote. Basi jana yake nikayatazama yale matete na lile tope jeusi linalonuka, nikajiuliza mgeni atanionaje, nikashika panga nikafyeka yote, nikachoma, nikafagia mpaka ukingo ukang'aa kama uwanja wa harusi.

Asubuhi watu wakajaa. Bwana maji akaeleza kwamba uchafu wa vyoo vyetu na mbolea za bustani huzaa kemikali iitwayo naitreti, ambayo huzama ardhini na kusafiri na maji chini kwa chini kuelekea kijitoni.

"Ikipita kwenye tope lenye mizizi ya matete," akasema, "vijidudu vya humo huigeuza ikawa hewa tu, ikapotea. Pasipo na tope la namna hiyo inaweza kufika kisimani, na kwa mtoto mchanga ni hatari. Haya, katibu, tuoneshe matete yako."

Watu wote wakageukia ukingo wangu unaong'aa.

"Yameliwa na ng'ombe," nikasema (sijui ni nini kiliutuma ulimi wangu).

Sasa upande ule mwenye ng'ombe ni mmoja tu, Mama Minza, jirani yangu, na alikuwa amesimama mbele kabisa.

"Ng'ombe wangu?" akauliza. "Na haya majivu? Waliwasha na kiberiti?"

Watu wakaangua kicheko. Nami, badala ya kukiri yakaisha, nikaruka kwenye tope na suruali yangu ya kitambaa nikipiga kelele, "Mizizi bado ipo, tazameni!" Ilikuwepo kweli, ila cha kushika hakikuwepo, nikazama mpaka kiunoni, na kila nikijitikisa nazidi kushuka.

Wakaleta kamba na dume la ng'ombe la Mama Minza, likanivuta. Mimi nikatoka, suruali ikabaki. Akina mama wakajifunika nyuso kwa khanga (lakini macho niliyaona).

Bwana maji, akijizuia kucheka, akasema mizizi ikiachwa itachipua. Nikiwa nimefungwa khanga ya kuazima nikamwendea Mama Minza mbele ya watu wote.

"Nisamehe mayu, mama yangu, ni mimi niliyefyeka."

"Ng'ombe amekusamehe, ndiyo maana amekuvuta," akanijibu. "Mimi bado nafikiria."

Alifikiria wiki mbili nzima, salamu yangu haitikii. Kwa hiyo nimeapa: kabla sijasafisha kitu nitauliza kwanza kina kazi gani, na nikiharibu nitasema nimeharibu, tena nikiwa bado nchi kavu.