Kifumbu na Maneno ya Marabi

Karatasi za kunakiliwa zikikaa ndani ya gari lililopigwa na jua kutoka Riyadh mpaka Jeddah hutoa harufu yake: wino, vumbi, na kitu kama nguo iliyopitiwa na pasi ya moto mno. Harufu hiyo ndiyo iliyotangulia kuingia nyumbani kwetu Al-Baghdadiyah kila likizo ya kiangazi, kabla ya mwenyewe ami yangu, mdogo wake baba, kuvua viatu mlangoni. Ami za wenzetu walikuja na tende na vitambaa. Wetu alikuja na sanduku la makaratasi. Alikuwa akisomesha Kiebrania chuo kikuu, na majirani walipouliza mtoto wa Kiunguja kafuata nini huko, baba aliwajibu kwamba elimu haina kabila, halas, yamekwisha, akawasogezea kahawa. Mwaka ninaousimulia, ami alikuja na jambo lingine zaidi ya makaratasi. Yeye na mkewe hawakujaaliwa mtoto, na alimwomba baba ampe binti mmoja akamlee Riyadh, amsomeshe, amrithishe kile alichonacho. Kwetu si ajabu mtoto kulelewa kwa ami yake. Mabinti tulikuwa wawili, mimi na mdogo wangu Rahma. Nilitaka niwe mimi. Nilitaka mpaka chakula kikanishinda.

Kila baada ya sala ya alasiri, ami alikaa sebuleni, akatandaza karatasi zake juu ya zulia na kutusimulia habari za wanazuoni wa Kiyahudi wa zamani, waliokaa Baghdad, Qayrawan na Andalusia, miji na nchi za Waarabu wakati huo. Marabi wao, walimu wa dini waliowatangulia, alisema, walikuwa na vitabu vilivyojaa maneno ya kazi za kila siku: ya jembe, ya tanuri, ya kamba, ya mafuta. Karne zikapita, wasomaji wakawa hawayajui tena. Basi wanazuoni hao wakayafafanua kwa Kiarabu, lugha waliyoamkia na kulalia, ila wakakiandika kwa herufi za Kiebrania. Ami aliweka kidole juu ya vile vijiti vya herufi, akafungua kinywa, kikatoka Kiarabu kilekile cha muuza mikate wa mtaani kwetu. Mwili ulinisisimka. Alitwambia pia kwamba walioneana wivu vibaya, huyu akimwandikia yule kuwa hajui kitu, na wanafunzi wao wakaurithi ugomvi. Watu wazima walicheka. Mimi sikucheka, maana niliwaelewa vizuri sana.

Tabu ni kwamba hadithi hizo nilizisikia vipandevipande. Mimi ndiye niliyekuwa mkubwa, na nyumba ikiwa na mgeni, binti mkubwa ni wa jikoni. Nikikaa tu, mama huyo: Zuhura we, nazi! Zuhura we, vikombe! Rahma alibaki zuliani, goti kwa goti na ami. Mimi nikitia chai, yeye anatiwa elimu. Nilipopita na sinia niliona kichwa chake kimeinamia karatasi, nikatamani nimmwagie chai. Akikosea, ami alisema mtoto huyu anafikiri. Nikikosea mimi, nilikuwa nimeharakisha. Akipenda, chongo huita kengeza. Mama aliponiona nimevimba alisema wivu ni ugonjwa wa mwenye nao. Nikamjibu kimoyomoyo kwamba dawa yake ninaijua, iko Riyadh.

Ami alikuwa na mtindo wa kufundisha aliosema kajifunza kwa wanazuoni wale. Wao walipofika penye jina la chombo kisichojulikana, walitafuta kilichomo nyumbani kwa msomaji, wakasema: ni kama hiki chenu. Basi naye alitusomea maelezo, tukatafuta chombo. Jioni moja nilikuwa jikoni nakamua tui, nikamsikia anasoma habari za kitu kilichosukwa, hutiwa zeituni zilizopondwa, hubanwa, mafuta yakatoka na makapi yakabaki ndani. Rahma akasema kikapu. Ami akasema hapana. Rahma akasema gunia. Hapana. Nilichokuwa nimekishika mkononi, kimejaa machicha ya nazi, si ndicho hicho? Sikuaga, sikunawa. Nilikwenda mbio sebuleni nikakiinua kile kifumbu cha ukindu, cha kukamulia nazi, mbele ya macho ya ami, tui likachuruzika zuliani na juu ya karatasi zake za Andalusia. Mama alishika kichwa. Chombo cha jikoni, majimaji, mbele ya wanaume! Lakini ami alikipokea kwa mikono miwili, akakigeuzageuza, akacheka mpaka machozi yakamtoka. Akasema amekisoma kitu hiki miaka yote asijue amelelewa nacho.

Nikajua nimeshinda. Nilisimama pale mikono inanata, namtazama Rahma kwa jicho la pembe. Naye hakuniangalia hata kidogo. Alikuwa ameingiza vidole ndani ya kifumbu, anayachota yale machicha. Akamuuliza ami, "Na haya yanayobaki, wao walikuwa wanayafanya nini? Yana jina?" Ami akamtazama, kisha akaanza kupekua karatasi zake zilizolowa.

Siku ya kuondoka, sanduku lililopakiwa garini lilikuwa la Rahma. Nilimfuata ami mpaka chini, nikamuuliza, "Ami, si mimi niliyekileta kifumbu?"

"Ni wewe uliyekileta, mwanangu," alisema. "Yeye ndiye aliyetaka kujua zaidi."

Hakunisema vibaya, na ndiyo maana liliniuma zaidi. Sikumpungia Rahma mkono.

Leo mdogo wangu ndiye anayesomesha maneno ya marabi huko Riyadh, na ami, aliyestaafu, humsikiliza akihutubu. Mimi niko Jeddah, ofisi ya mizigo bandarini, napiga mihuri makontena yafunguliwe. Nyumba yetu ya zamani imebomolewa pamoja na mtaa wake. Kila Rahma alipopandishwa cheo nilimpigia simu kumpongeza, na nilipokata simu niliosha vyombo visivyokuwa vichafu. Mwenye kovu usidhani kapoa. Mama alipofariki, Rahma alikuja, tukasoma khitima, watu wakatawanyika, tukabaki sisi wawili tunakunja nguo za marehemu. Akasema bila kuinua uso kwamba maisha yake yote amenionea wivu. Nilidhani ananikejeli.

"Wewe mama alikugombeza," alisema. "Alikutuma, alikuita kila saa. Mimi nikija, alinitandikia shuka mpya. Watu husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mama amekufa hajanipa jembe."

Alilia. Ningependa kuandika kwamba nilimhurumia papo hapo, kama inavyompasa dada mkubwa. Kwanza nilifurahi. Huruma ilikuja baadaye, nikamsogezea zile kanga, nikamwambia azikunje vizuri, pembe kwa pembe, kama mama alivyotaka.