Hesabu Iliyomshinda Injinia

Mtaa mzima ulikubaliana kwamba Injinia ana akili kuliko mtu yeyote aliyewahi kukaa pale, na mtaa huohuo ulikubaliana kwamba hafai kutumwa chumvi. Alitumwa mara moja tu. Alikawia dukani mpaka maji ya kupikia yakakauka jikoni, na aliporudi mkononi hakuwa na chumvi bali kipande cha boksi alichochora rafu za mwenye duka, na mishale ya kuonyesha zitakatikia wapi. Mwenye duka hakuona haja ya kubishana na mwanamke aliyejenga madaraja ambayo malori hupita juu yake usiku na mchana. Alishusha magunia yake jioni ileile. Rafu zikapona, mboga ikaliwa bila chumvi, na aliyeila bila kunung'unika ni mdogo wake wa kiume.

Huyo mdogo wake ndiye mwenye kisa hiki, maana habari za Injinia zimeshasemwa sana, hata magazetini. Alikuwa fundi wa nguo, na watu walimwita Fundi basi. Cherehani yake ilikaa chumba cha mbele cha nyumba waliyoachiwa na wazazi wao, dirishani, na yeye nyuma yake, tepu shingoni, akishona suruali za shule na magauni ya harusi za watu. Za watu, si yake. Mama yao alipokuwa katika ugonjwa wake wa mwisho alimwita karibu akamwambia, "Mwangalie dada yako. Wewe ndiye mdogo, lakini wewe ndiye mkubwa." Akaitikia. Tangu hapo akawa ndiye mpishi, dobi na mlipa umeme, na kila asubuhi alisimama mlangoni kumkagua mtu mzima kabla hajatoka, kama viatu ni vya jozi moja na kama gauni halikuvaliwa ndani nje.

Si kwamba Injinia alikuwa mvivu au ana maringo. Kichwa chake kilikuwa kazini muda wote, hata mwili ukiwa umesharudi. Kuna jioni alitoka ofisini akiwaza nguzo za daraja fulani, akaingia geti la jirani badala ya lao, akavua viatu, akakaa kwenye kochi, akauliza bila kuinua macho ni kwa nini mapazia yamebadilishwa. Mke wa jirani, mtu mwenye adabu zake, alimletea chai. Injinia akainywa, akasema leo sukari imezidi, akaendelea kuchora. Fundi alipokwenda kumchukua alikuta watu wamevunjika mbavu, naye akacheka pamoja nao. Alikuwa amezoea. Ukiishi na mtu wa namna ile ni ama ucheke ama ulie, na kulia kunachosha.

Lakini lipo moja ambalo hakulicheka. Chama cha wahandisi kiliamua kumpa Injinia tuzo, na Fundi akaweka kando kazi za wateja wote, akamshonea gauni la zambarau iliyokolea, lenye kola ya kusimama na mfuko wa ndani wa penseli, maana alimjua. Ukumbini mama mmoja akalisifu sana gauni lile, akauliza limeshonwa na nani. Injinia akaitazama mikono ya gauni kama mtu anayeiona kwa mara ya kwanza, akajibu kwa ukweli wake wote kwamba hajui, nguo huwa anazikuta tu kabatini. Fundi alikuwa amesimama hatua moja nyuma yake, amemshikia mkoba. Maneno yale yalimkata maini. Tangu siku hiyo swali moja lilimkaa kooni: siku akiondoka, huyu dada yake atajua kwamba kuna mtu ameondoka?

Na sasa swali hilo lilitaka jibu upesi. Kulikuwa na muuguzi, mjane mcheshi, aliyekuwa akileta sare zake zipunguzwe kiuno hata pale ambapo kiuno hakikuwa na tatizo lolote. Walipendana kiutu uzima, bila makelele. Mara muuguzi akahamishiwa hospitali ya mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi, na kabla ya kuondoka alimweleza Fundi waziwazi kwamba anamtaka, kwamba atamngoja hadi mwisho wa mwezi, na kwamba hatangoja zaidi ya hapo. Fundi hakuweza kumlaumu. Miaka ya nyuma kulikuwa na mwalimu aliyengoja mpaka akachoka, akaolewa na mwingine, na aliyemshonea gauni la harusi ni Fundi huyuhuyu. Mvi zilikuwa zimeshamwingia. Akimkosa na huyu, alijua hatapata tena.

Akamweleza dada yake wakati wa kula. Alisema yote, muuguzi, uhamisho, mwisho wa mwezi, na kwamba anataka kwenda huko wiki moja kuona hali, na hiyo wiki iwe kipimo cha Injinia kama anaweza kukaa peke yake. Wakati wote huo Injinia alikuwa akisimamisha vijiti vya meno juu ya meza, akivilaza, akivisimamisha tena. Mwishowe akasema, "Sawa." Fundi hakujua kama sawa ile ilikuwa yake au ya vijiti.

Asubuhi akajua kwamba angalau nusu ya maneno yake ilisikika, kwa sababu Injinia hakwenda kazini. Aliishughulikia nyumba kama anavyoshughulikia mto unaotaka daraja. Viatu vyake vyote alivifunga kimoja kwa mwenzake, ili asiweze kuvaa kimoja bila kumpata pacha wake. Ufunguo wa mlango aliuning'iniza shingoni mwa mtungi wa gesi, ili asiweze kutoka nyumbani bila kuinama mbele ya mtungi na kukumbuka kuufunga. Kisha akamwita Fundi jikoni, akataka kujua mchele wa kupika ni kiasi gani, maharage kiasi gani, mafuta kiasi gani. Fundi hakuwahi kupima kitu mle ndani ila kwa mkono wake. Akamimina kama anavyomimina siku zote, na Injinia akapima kilichomiminwa, akakiwekea alama kwenye vikombe.

Huko alikokwenda, Fundi alipokewa vizuri kuliko alivyotegemea. Muuguzi alikuwa na vyumba viwili safi, na kimoja alikuwa ameshaondoa kabati lililokuwa dirishani, pawe na mwanga wa kushonea. Mtu yeyote angetulia. Fundi hakutulia. King'ora cha gari la wagonjwa kikilia hospitalini, yeye aliona nyumba yao inaungua. Alipiga simu kila jioni, na kila jioni Injinia alijibu kwamba hakuna tatizo, isipokuwa siku moja ambapo aliipokea simu, akaiweka mezani, akaenda zake, na Fundi akabaki anasikiliza sahani zikigongana na sauti ya dada yake kwa mbali ikijiuliza, "Sasa mbona kinabaki?" Muuguzi alimtazama, akamwambia bila hasira kwamba ameletewa mwili tu, roho imebaki kule alikotoka, na yeye hawezi kuolewa na nusu ya mtu.

Wiki ilipokwisha akarudi. Njia nzima alijiandaa kukuta majivu, au maji yanatoka chini ya mlango, au majirani wamekusanyika. Alikuta nyumba imefagiliwa. Jiko limepanguswa, gesi imefungwa, viatu vimekaa pacha kwa pacha, mpaka maua ya barazani yamemwagiliwa. Akazunguka chumba hadi chumba akitafuta hata kikombe kilichovunjika, asikione.

Alipaswa kushangilia. Mlango wa maisha yake ulikuwa umefunguka wenyewe. Badala yake alikaa kwenye kiti cha cherehani, akashika tama. Alijinyima miaka yote ile, akamwacha mwalimu aende, akawa kichekesho cha mtaa, mwanamume mzima na aproni, kumbe kazi yake ingeweza kufanywa na kipande cha kamba. Lilimuuma, tusifiche. Alijiambia kwamba jibu sasa analo: akiondoka, hakuna atakayejua. Na akaona ni heri aende haraka, kabla hajazidi kujionea huruma.

Njaa ndiyo iliyompeleka kwenye friji. Alipoifungua, bakuli la juu nusura limwangukie. Friji ilikuwa imejaa hadi mlangoni, bakuli juu ya bakuli, kila moja limefunikwa kwa sahani: wali, maharage, wali, viazi, maharage tena. Alikuwa bado ameduwaa pale Injinia alipoingia, sweta ameivaa ndani nje. Hakusalimia wala hakuuliza safari.

"Afadhali umekuja, mdogo wangu," alisema. "Kuna kosa humu, na nimelitafuta wiki nzima silioni."

Akamweleza. Alikuwa amefuata vipimo vyote bila kuongeza wala kupunguza. Alishuku vikombe, akavipima upya. Alishuku sufuria, akashuku hata mchele wenyewe, pengine ni wa aina inayovimba. Kila siku anapika, anapakua, anakula, anashiba, na kila siku kinabaki kilekile, nusu kamili. Kosa la bahati mbaya lingepanda na kushuka, alisema, lakini hili halitikisiki, kwa hiyo lazima lina sababu. Alikuwa amekonda uso kwa kulifikiria.

Fundi hakuwa anasikiliza tena. Alikuwa anatazama meza. Palikuwa na sahani mbili zimefudikizwa, na glasi mbili. Kiti chake yeye kilikuwa kimevutwa upande wa dirishani, pale anapopenda kukaa apate mwanga, na kwenye glasi yake palikuwa na kijiko, kwa sababu yeye ndiye anayekoroga maji ya ndimu na dada yake hakorogi.

"Umepika cha watu wawili, dada."

"Nimepika cha nyumba. Kwani hapa tunakaa watu wangapi?"

"Wiki hii ulikuwa peke yako."

Injinia akazitazama sahani, akaitazama friji, akakaa polepole kama mtu aliyeambiwa nguzo imezama. Hakuna aliyewahi kumwona vile, hata siku ya mafuriko, alipoambiwa kwa simu kwamba maji yamefika kwenye ukingo wa daraja.

"Nilijua umesafiri," alisema. "Kila siku nilijua. Ila nikishika kile kikombe, unakuwa hujasafiri."

Machozi yalimtoka Fundi, wala hakuyaficha. Lile swali lililomkaa kooni tangu siku ya gauni liliyeyuka palepale. Hajui aliyemshonea gauni, sawa. Pengine hajawahi kumwona vizuri, kama mtu asivyouona mgongo wake mwenyewe. Lakini wiki nzima alikuwa akimpakulia, akila naye, asijue kwamba ndiyo anachofanya. Fundi akavuta kiti chake akakaa, na moyo wake ukarudi kulekule ulikozoea.

"Basi siendi," alisema. "Nitamwambia muuguzi asinisubiri."

"Utakwenda."

"Dada, wewe hata hukusikia nilichokueleza."

"Amehamishwa, anakupenda, na amesema mwisho wa mwezi," alisema Injinia. "Nilisikia. Ile siku nilikuwa napanga vijiti ili nisikutazame." Akalivuta bakuli moja la wali, akalifunua, akaligawa kwenye sahani mbili, nusu kwa nusu, kwa uangalifu mkubwa. "Nitajifunza kupika cha mtu mmoja. Usinifundishe. Nitakosea kwanza, halafu nitapata."

Wakala kiporo cha wiki nzima, kwa siku kadhaa, wawili wao, mpaka friji ikabaki tupu.

Siku ya kuondoka, cherehani ilikuwa imeshatangulia kwa lori la mizigo, na Fundi akabaki na begi moja la nguo. Injinia akashikilia kwamba atalibeba yeye hadi stendi. Alikuwa amevaa lile gauni la zambarau, ndani nje, mishono yote ya Fundi iko wazi kwa kila mwenye macho. Fundi aliliona tangu mlangoni. Kwa mara ya kwanza tangu mama yao afariki, hakumrudisha ndani kubadilisha.

Waliagana bila maneno mengi. Injinia alimtengeneza kola, kitu ambacho hakuwahi kukifanya, akaiharibu kuliko ilivyokuwa. Fundi akapanda, akapata kiti cha dirishani. Basi lilipoanza kutoka stendi akachungulia kumpungia mkono, akamwona ameshafika mbali, anaelekea nyumbani kichwa chini, midomo inacheza, anapiga hesabu zake, na begi la nguo bado liko begani kwake.

Fundi alifungua dirisha amwite. Kisha akalifunga taratibu, akaegemea kiti.

Kondakta alipopita kukagua mizigo, akatazama juu kwenye rafu, akatazama chini ya kiti, akamwuliza, "Mzee mwenzangu, mzigo wako uko wapi?"

"Nimeuacha nyumbani," alisema Fundi.