Daftari la Barua Zilizorudi

Mdogo wangu ndiye aliyeniingiza kwenye ile maabara, na ndiye aliyenitoa. Nilimlea tangu mama alipofariki. Yeye akienda shule, mimi nilibaki na jiko. Alipokuja kuwa mkuu wa ofisi pale, akanipa ufagio, na sharti moja: nisimwambie mtu kwamba ni ndugu yangu, watu wasije wakasema upendeleo. Nikakubali.

Kazi ya pili nilipewa na fundi wa kompyuta. Maabara huwatumia wagonjwa barua pepe kuwajulisha kwamba majibu yao yako tayari, na baadhi hurudi.

“Tukizidi kutuma kwenye anwani zilizokufa,” aliniambia, “kampuni kubwa za barua pepe zitatuona matapeli. Hapo hata barua zetu nzuri zitatupwa.”

“Mimi Kiingereza sijui, baba.”

“Tarakimu je?”

“Nimehesabu nepi miaka mingi, tarakimu zitanishinda?”

Akacheka, akanionyesha. Barua iliyorudi huja na tarakimu tatu. Zikianza na tano, anwani imekufa: ifute, usiijaribu tena. Zikianza na nne, huenda sanduku la mtu limejaa: mngoje, jaribu tena. Ikirudi mara tatu, ifute nayo. Kila niliyemfuta nilimwandika kwenye daftari, tarehe na tarakimu zake, na watu wa mapokezi wakampigia simu. Jioni nafuta barua zote zilizorudi, kumbukumbu inabaki kwenye daftari langu tu. Waliniita Mama Futa: asubuhi meza, mchana anwani.

Mwaka wa pili mdogo wangu akanijia, uso umekunjamana.

“Dada, umefuta watu elfu tatu! Wakurugenzi wanakuja Ijumaa, wataona orodha imesinyaa.”

“Hao barua haziwafikii, mdogo wangu. Tunawapigia simu.”

“Simu haionekani kwenye ripoti.”

“Basi mngoje fundi arudi likizo.”

Hakungoja. Jumatatu alirudisha orodha ya zamani juu ya ile niliyoisafisha, akawatumia wote salamu za maabara. Barua zilirudi kama mvua, nyingi zikianza na tano. Jumatano zile kampuni kubwa zilikuwa zimetufungia, hata wenye anwani nzima hawakupata kitu. Mzee mmoja mwenye uvimbe shingoni alikuja mwenyewe Ijumaa kuuliza. Majibu yake yalikuwa tayari tangu Jumatano.

Mchana huohuo tukaitwa kwenye kikao.

“Orodha anaishika nani?” aliuliza mkurugenzi.

“Yule mama wa usafi,” mdogo wangu alisema bila kunitazama. “Nilimpa kwa huruma tu, hakusoma. Nadhani alibonyeza asichokijua.”

Yule mama wa usafi. Mimi niliyemfunga kamba za viatu siku yake ya kwanza ya shule.

“Una la kusema, mama?”

Daftari lilikuwa mapajani kwangu. Nilimtazama mdogo wangu, nikampa muda wa kusema neno moja tu. Alikuwa akipanga karatasi ambazo zilikwisha kupangwa.

“Sina,” nikasema. Nikafukuzwa siku hiyohiyo.

Jumapili akabisha hodi kwangu.

“Dada, fundi amerudi. Sasa barua zinarudi zote, hawezi kutenga anwani zilizokufa bila lile daftari. Nipe, nitakutafutia kazi kwingine.”

“Nitakupa. Kwanza waambie watu walewale nani alirudisha orodha.”

“Unataka nifukuzwe?”

“Mimi nilipofukuzwa, ulinisikia nikipiga kelele?”

“Wewe ni ufagio tu, dada, utapata mwingine. Mimi nimesomea!”

Neno lilikuwa limeshamtoka. Nikamfungulia mlango atoke.

Wagonjwa hawakunikosea kitu. Jumatatu nilimpelekea fundi daftari mkononi, mbele ya watu wote wa mapokezi. Ukurasa wa mwisho nilikuwa nimeandika kwa herufi zangu kubwa zilizopinda: siku orodha iliporudishwa, na aliyeirudisha. Fundi alisoma, akainua macho.

“Mama, huyu ni…”

“Ni mdogo wangu, tumbo moja. Mpelekee mkurugenzi.”

Kazi sikurudishiwa. Yeye naye hakikalii tena kile kiti cha mkuu. Siku hizi ananipigia simu, naiacha ilie mpaka inyamaze. Miaka yote nilimhesabu kwenye nne, nikingoja. Sasa nimemwandika kwenye tano.